Jinsia ya mpapai husomeka kwenye jani

Sisi wa mipapai tunapanda miche mitatu shimo moja, tunasubiri maua, kisha tunang'oa madume. Miezi ya maji na samadi yote imepotea! Wiki hii mtafiti mmoja ametueleza kuwa kipande cha jani la mche mchanga kinatosha kupima vinasaba na kujua jinsia yake. Nimefurahi mno. Jenomu ya mpapai, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2008, ya aina ya SunUp kutoka Hawaii. Na mpapai wenye maua ya jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, mbegu zake hazitoi dume hata moja: takriban theluthi mbili huwa na jinsia mbili kama mama, zilizobaki ni majike. Natamani sana kipimo hiki kifike kwenye vitalu vyetu.