Wiki niliyompeleka Mwenyekiti kliniki

Dada yangu alijifungua kwa opresheni mwezi wa nane 2022, na Mwenyekiti alikuwa na kliniki Dar wiki hiyohiyo. Mwenyekiti ni mpwa wangu, kipindi hicho ana miaka sita, jina tulimpa sisi kwa sababu kila kikao cha familia lazima achangie hoja na usipompa nafasi anakivunja. Alizaliwa na mgongo wazi, wakamshona akiwa mchanga, afu kichwa kikaanza kujaa maji, jambo linalowapata wengi wa mgongo wazi, akawekewa shanti, ule mrija unaotoka kichwani unapita chini ya ngozi mpaka tumboni. Nyayo zilikuja zimepinda kwa ndani. Mkojo hautoki wenyewe, lazima utolewe kwa mrija mwembamba. Yani nyumbani tuna mtoto mmoja ila hospitali tuna wanne, kila mmoja ana faili lake, namba yake, daktari wake na siku yake, Jumatatu miguu, Jumatano kichwa, Alhamisi mkojo, na mazoezi ni jengo lingine kabisa kule nyuma.

Baba yake yuko machimboni Geita, huyo tumwache.

Tarehe ukiikosa kupata nyingine ni miezi, kwahiyo ikaamuliwa niende mimi na mama. Nilimkuta dada bado yuko wodini pale Ifakara, akaniambia chukua begi lile la shule, usilifungue njiani. Ndani makaratasi tu. Akaanza kunielekeza, kadi ya njano ya miguu, ya kijani ya kichwa, za mkojo ziko kwenye ile bahasha kubwa ya picha, karatasi ya bima usiitoe mpaka waiombe wenyewe kwa sababu wakiichukua dirisha la kwanza huioni tena. Mama anajua kumtoa mkojo, kila baada ya masaa manne, asipitilize hata kama basi halijasimama, mwambie konda. Nikamuuliza na mengine? Akasema mengine nitakwambia kwenye simu. Hayo "mengine" ndo yalikuwa kila kitu.

Tulipofika Mikumi Mwenyekiti akatapika. Nani hatapiki kwenye lile basi, hata jamaa wa siti ya nyuma alikuwa anatapika, konda akagawa vimfuko safari ikaendelea. Msamvu mama akampeleka chooni, akarudi ananong'ona kwamba mkojo wa mtoto una harufu na umekuwa mzito. Mbezi tukashuka usiku, Mwenyekiti kalala mgongoni kwangu na vyuma vyake vya miguu vinanigonga kiunoni, hakusema neno mpaka Kimara kwa shangazi. Mimi nikaona kheri kachoka. Mama ndo alikuwa anamwangalia kila saa, anamuita, akijibu anatulia kidogo.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tuko kwenye foleni. Hospitali siitaji, wengi mtaijua tu, na sio kwamba watu wake wabaya, watu wake ni wachache na wagonjwa ni nchi nzima. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mchangamfu, akamshika Mwenyekiti nyayo, akazikunja, akasema huyu alipokuwa mdogo alifungwa hogo, yani plasta ngumu, vizuri lakini mguu wa kushoto umerudi, watoto wa mgongo wazi miguu yao inapenda kurudi kwa sababu misuli upande mmoja inavuta na upande mwingine haina nguvu. Anahitaji opresheni ya mshipa wa kisigino. Afu akatabasamu, mna bahati, kesho kuna mtoto hakuja, nafasi ipo, mkitaka tunamwingiza.

Hebu fikiria. Watu wanasubiri nafasi hiyo mpaka vyuma vinakuwa vidogo miguuni. Nikasema daktari tunashukuru sana, nikatafuta peni.

Akaanza maswali ya fomu. Shanti iliwekwa lini, iliwahi kubadilishwa? Sijui. Dawa anazotumia? Kuna kidonge cha kibofu, jina silijui. Figo zilipimwa lini mara ya mwisho? Ana mzio wowote? Nampigia dada, haipatikani. Napiga tena haipatikani. Nikamwaga begi pale kwenye kiti, karatasi za miaka sita, mwandiko wa kila aina, na nilichogundua ni kwamba kila karatasi imeandikwa na mtu asiyejua kwamba zile nyingine zipo. Ya miguu inasema "aendelee na viatu". Ya kichwa inasema "shanti iko sawa, arudi baada ya miezi sita". Hakuna inayosema huyu ni mtoto gani.

Mama akasema, baba daktari, shikamoo, mkojo wa huyu mtoto unanuka tangu juzi. Daktari akajibu vizuri tu kwa heshima, mama hilo mtawaeleza Alhamisi watu wa mkojo, sisi hapa ni miguu. Na kwa upande wake alikuwa sahihi! Nje kulikuwa na watoto hata pa kukanyaga hamna.

Aliyetuokoa ni mama mmoja kwenye benchi, katoka Bukoba na mwanae wa kichwa kikubwa. Huyo alikuwa na hadithi yake, mwanzo alivuka Uganda mpaka Mbale kwenye ile hospitali ya CURE ambako daktari wa Kimarekani, Benjamin Warf, alianzisha njia ya kuwatibu watoto kwa kuingiza kamera ndani ya kichwa na kutoboa tundu dogo maji yapite yenyewe bila mrija, mwanae alifanyiwa hivyo na hana shanti mpaka leo, ila Mbale ni mbali na mahitaji mengine anayafuatilia huku. Anasimulia huku anamwangalia Mwenyekiti aliyelala mapajani kwa mama. Akaacha kusimulia. Akaniuliza huyu siku zote analala hivi saa nne asubuhi? Nikamwambia huyu siku zote ni mwenyekiti wa kikao. Akasema nendeni kwa sista wa mkojo sasa hivi, msingoje Alhamisi, yule ndo anaongea na wote.

Sista alikuwa mtu mzima, mfupi, miwani imefungwa uzi. Hakuuliza kadi. Alimwangalia Mwenyekiti akasema huyu namjua, mama yake yuko wapi? Kajifungua. Hongereni. Akampima joto, 38 na nusu, akachukua mkojo, na kabla majibu hayajatoka akachukua lile begi akalimwaga mezani akaanza kupanga mafungu manne. Mimi nasimulia na yeye ananikatisha. Katapika lini? Mara ngapi? Nikimwambia ni basi tu ananitazama juu ya miwani. Akamwambia Mwenyekiti angalia juu mama, juu zaidi, macho yakapanda vizuri, akapapasa kichwa pale nyuma ya sikio shanti inapopita, akashuka nayo shingoni.

Afu akafungua faili lake mwenyewe akanionyesha mstari mmoja. Mwaka mmoja kabla, kwenye sherehe ya binamu yake, Mwenyekiti alipuliza baluni midomo ikavimba, na dada alimsimulia sista kwa kupiga stori tu wakati wanasubiri dawa. Sista akaandika. Akanieleza kwamba watoto hawa wanaguswa na vitu vya mpira tangu siku za kwanza, opresheni juu ya opresheni, mpaka mwili wa baadhi yao unaukataa mpira, na mtoto akiwa kwenye usingizi wa opresheni, daktari akatumia glavu za kawaida za mpira, mtoto anaweza kufunga pumzi palepale mezani. Hilo lilikuwa limeandikwa faili la mkojo peke yake. La miguu halikuwa nalo. La kichwa halikuwa nalo. Na fomu ya kesho mimi pale kwenye mzio nilikuwa nimejibu sijui.

Nilikaa chini.

Majibu ya mkojo yakaja, wadudu tele. Sista akasema wadudu peke yake asingeshtuka, mtoto anayetolewa mkojo kwa mrija karibu siku zote utawakuta na ukimpa dawa kila ukiwakuta utafika siku dawa hazifanyi kazi, ila wadudu na homa na kutapika hiyo ni figo inalia. Au ni shanti imeziba. Kutapika, usingizi, homa, vyote viwili vinafanana, na ukikisia vibaya unatibu mkojo huku kichwa kinaharibika. Akachukua simu yake, vocha yake mwenyewe, akapiga. Daktari, samahani, yule mtoto wenu wa kesho hapasuliwi, ana homa, na andikeni mzio wa mpira. Akakata akapiga wa kichwa, kumbe yuko tiata, chumba cha opresheni, akaacha ujumbe. Akapiga wa mkojo.

Wakati wa chai wakaja. Watatu! Yule kijana wa mifupa, daktari wa mkojo, na wa kichwa bado ana kofia ya tiata na mabuti, wakasimama koridoni pale mlangoni kwa sista kwa sababu chumba chake watu wanne hawaenei. Sidhani kama walifika dakika kumi na tano. Nimehudhuria vikao vingi, nimekuwa hata kwenye kamati ya maji, sijawahi kuona muda mfupi umefanya kazi vile. Wa kichwa akasema naomba siti skani leo, ile picha ya ndani ya kichwa, ila bila ya zamani hainisaidii kwa sababu vichwa hivi hata vikiwa vizuri havionekani kama vya watu wengine, nahitaji kujua chake kikiwa kizima kinafananaje. Sista akavuta bahasha kwenye fungu la tatu. Picha ya zamani ilikuwa imo humohumo begini, imesafiri na sisi kutoka Ifakara, imekaa mapajani kwangu njia nzima.

Bima ilipita, dada alikuwa anamlipia Toto Afya Kadi, 50,400 kwa mwaka. Mchana wa kichwa akazishika picha mbili dirishani, akazilinganisha, akasema kichwa ni kilekile, shanti inafanya kazi, tibuni figo. Mwenyekiti akalazwa na kuanza sindano. Jumatano asubuhi akamuuliza nesi wa zamu kwanini uji hauna sukari na nani kapitisha uamuzi huo, mama akacheka mpaka akatoa machozi.

Kabla hatujaruhusiwa sista akachukua daftari la shule akaandika ukurasa mmoja, mstari wa kichwa, wa mgongo, wa kibofu na figo, wa miguu, dawa na vipimo vyake, na juu kabisa kwa peni nyekundu MZIO WA MPIRA. Chini namba yake ya simu. Ile opresheni ya kisigino wakaipanga upya pamoja na wa mkojo, kwamba akishalazwa usingizi wa mkojo anaingiza kamera kuangalia kibofu, halafu wa mifupa anafanya yake, usingizi mmoja kazi mbili, badala ya mtoto kulazwa mara mbili na familia kupanda basi mara mbili. Mwezi wa kumi ikafanyika hivyohivyo, dada akaenda mwenyewe na kichanga mgongoni. Wala hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, ni watu walewale na jengo lilelile.

Sista pia alinituma neno. Alitaka kujua dada alianza lini foliki, vile vidonge vya wajawazito vya kuzuia mgongo wazi, kwa huyu mtoto wa pili, mimi ningejuaje, akasema mwambie akitaka wa tatu aanze kabla hajashika mimba, na sio kile kidonge kidogo cha kila mtu, aliyezaa mtoto wa mgongo wazi anaandikiwa kikubwa cha miligramu tano, maana uti wa mgongo unajifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wengi hapo hata hawajajua kama wana mimba. Nikamwambia si unga unawekewa siku hizi, akasema wa viwanda ndio, na nyie watu wa Kilombero si mnakula wali? Kanimaliza.

Nikajua dada atafurahi. Nilimkuta kwa mama, ananyonyesha, nikampa daftari kwa madaha. Alisoma ukurasa wote kimya, akasoma tena. Akaniambia haya yote mimi nayajua. Miaka sita nayabeba kichwani, kila dirisha naanza upya, kila daktari mpya naanza upya, siku nikilala usingizi mzito naamka naogopa nimesahau kitu, na hakuna aliyewahi kuniandikia, wewe umeenda wiki moja wakakuandikia! Sikuwa na jibu na mpaka leo sina, maana ana haki. Mama anayejua kila kitu hospitali inamwachia kila kitu. Mimi nilisaidiwa kwa sababu nilikuwa sijui lolote.

Mwaka uliofuata sista akahamishwa. Simu yake bado anapokea, anaelekeza, ila hayupo tena koridoni, na aliyekaa kile chumba anataka kadi kwanza. Nafasi ya kuwaunganisha madaktari haikuwa cheo, ilikuwa tabia ya mtu mmoja, akiondoka inaondoka. Hospitali inaajiri mtu wa kulinda pikipiki getini, ya kumwajiri mtu wa kupiga simu tatu kwa siku inashindikana vipi, hilo huwa naliuliza sana na dada ananiambia nipunguze sauti.

Daftari limebaki. Dada analiandika upya kila kliniki, anapiga picha anatuma grupu la familia, na sasa kasema safari sio yake peke yake, ni zamu. Mwezi wa sita ni ya mdogo wetu wa mwisho, ameshaanza kusema ana kazi nyingi. Mwenyekiti kamjibu kwa voisi kwamba udhuru haujakubaliwa.