Tom Wills, jamaa aliyewapa Waaustralia futiboli yao

Ukiona wale Waaustralia wanarukiana mabegani kudaka mpira wenye umbo la yai, mtu wa kuanza naye ni Tom Wills. Na huyu kwanza alikuwa mtu wa kriketi bana, nahodha pale Rugby School Uingereza alikopelekwa na miaka 14, akarudi nyumbani Australia mwishoni mwa 1856 ni staa tayari. Julai 1858 akaandika barua gazetini Melbourne, eti wachezaji wa kriketi wasikae tu msimu wa baridi viungo vikakakamaa, waanzishe klabu ya futiboli, na ikishindikana basi hata ya kulenga shabaha na bunduki lol.

Agosti hiyohiyo akawa refa wa mechi ya shule mbili, Scotch College na Melbourne Grammar, watu 40 kila upande, Jumamosi tatu, goli moja kila timu na mshindi hakuna. Refa mwenzake alikuwa John Macadam, na zile makadamia zinazolimwa Murang'a na Embu jina lake ndilo limetoka kwa huyo mzee, sitanii.

1859 yeye na wenzake wa klabu ya Melbourne wakaandika sheria 10, miaka minne kabla ya wale wa London kuandika za soka. Ofsaidi haikutajwa kabisa, ukidaka mpira uliotoka moja kwa moja mguuni mwa mtu unapewa fri kiki, kusukumana ruksa, ngwala nayo ruksa, ila kupigana mateke ya miguuni hapana.

Lakini kwangu stori yenyewe iko mbele. 1861 akaenda jimbo la Queensland na baba yake, Horatio, kufungua ranchi kwenye ardhi ya Wagayiri, kabila la Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia. Oktoba, Tom akiwa safarini kuchukua mahitaji, kambi ikavamiwa na hao Wagayiri, wakauawa watu 19 na baba yake akiwemo. Wazungu wakalipiza kwa kuua Waaborijini wengi mno. Na bado miaka mitano tu baadaye huyuhuyu Tom yuko Melbourne kama kocha na nahodha wa timu ya kriketi ya Waaborijini, Desemba 26, 1866, uwanja wa kriketi wa Melbourne, MCG, umefurika, na kijana mmoja Johnny Mullagh anapiga mpira watu wanashangaa. Sijui kichwani mwake kulikuwa na nini, mtu anayekwambia ni upendo au ni kutafuta hela tu anabahatisha.

Timu ilipoenda Uingereza 1868 Tom hakuwemo, alipelekwa kocha mwingine. Pombe ikamshika, akajiua Mei 1880 akiwa na miaka 44, na kaburi lake likakaa bila jiwe mpaka 1980.

Siku hizi ubishi ni mmoja, je, mchezo aliuiba kwa Waaborijini? Maana amekulia karibu na mji wa Ararat, jimbo la Victoria, akicheza na watoto wa kabila la Djab Wurrung, lugha yao anaiongea, na kule Victoria magharibi kulikuwa na mchezo wa Waaborijini, Marngrook, mpira wa ngozi ya mnyama posamu, watu wanaruka juu kuudaka. Inavutia sana, ila hakuna karatasi hata moja ambayo Tom anautaja, na zile sheria 10 ukizisoma ni shule za Uingereza tupu. Mimi niko upande wa karatasi, japo najua kina nani waliokuwa wanaandika karatasi zama hizo na kina nani hawakuulizwa chochote.