Spika za baba na amplifaya ya wati 20

Baba alipostaafu na kurudi Handeni aliniachia vitu ambavyo ndugu zangu wote walivikataa: spika mbili za mbao, urefu wake kama mtoto wa miaka mitatu, na katoni ya santuri iliyofungwa kamba ya katani. Pleya ya santuri niliipata baadaye kwa rafiki aliyekuwa anahama nyumba. Kikabaki cha katikati tu, yaani amplifaya, kile cha kupokea sauti ndogo inayotoka kwenye sindano na kuipa nguvu ya kusukuma spika.

Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ilinichukua miezi saba.

Nilianzia Kariakoo, na nilikwenda na swali moja tu mdomoni: ina wati ngapi? Ndilo swali letu sote mjini hapa. Tumekulia kwenye mziki mnene, kigodoro kinapiga mtaa wa tatu na vikombe vinatetemeka kabatini kwako, kwa hiyo mtu akitaka kusifia redio anataja wati kama anavyotaja ekari za shamba. Kijana wa duka, si mbali na pale Uhuru inapokutana na Msimbazi, aliniuliza, "Kaka, unataka ya nyumbani au ya shughuli?" Nikamwambia ya nyumbani. "Basi chukua hii. Wati elfu nane. Majirani watahama wenyewe."

Mimi naishi Tabata, nyumba ya kupanga, ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa chumba cha jirani. Ikifika mahali mtu ahame, nitahama mimi, tena kwa amri ya mama mwenye nyumba. Lakini ile elfu nane ilishaniingia kichwani. Tulianzia 240,000 tukashukia 185,000, nikabeba boksi lenye rimoti, tundu la flashi, Bluetooth na taa za rangi zinazocheza.

Nilipoiwasha, kabla sijaweka muziki wowote, ilikuwa inachirizika kama chapati kwenye mafuta. Nikaunga pleya ya santuri, nikaweka sindano. Sauti ikatoka nyembamba, ya mbali, mbu ndani ya chupa. Besi hakuna. Nikampigia yule kijana. "Chomeka popote kaka, matundu yote ni sawa."

Si sawa. Hili nililipia 185,000 kulijua. Simu au deki ya CD inatoa volti moja au mbili hivi. Sindano ya santuri inatoa milivolti chache tu, tatu, nne, tano. Zaidi ya hapo, santuri inachongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa sababu besi ikichongwa kamili mifereji ingekuwa mipana mno na upande mmoja usingetosha wimbo. Lazima pawe na sehemu ya kugeuza mambo hayo yarudi yalivyokuwa, kwa kipimo kinachoitwa RIAA ambacho viwanda vya santuri vilikubaliana mwaka 1954. Amplifaya yenye sehemu hiyo ina tundu lake nyuma, limeandikwa PHONO. Yangu haikuwa nalo.

Usiku ule nikaigeuza, nikasoma kibandiko cha mgongoni kwa tochi ya simu. AC 220V, 50Hz, 60W. Nikarudi mbele kwenye boksi: 8,000W PMPO. Huwezi kutia lita 60 kwenye pipa ukachota 8,000. PMPO ni namba ya kuuzia, kila kiwanda kinaihesabu kinavyojua. Ya kuaminika ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ya mfululizo, ikiwa na omu za spika (kiasi spika inavyozuia umeme) pembeni yake. Na kama hiyo RMS haipo, soma amplifaya inakula umeme kiasi gani, maana itakachotoa mfululizo hakiwezi kuzidi inachokula. Tangu siku ile nikiingia dukani nageuza kitu mgongo kwanza, wauzaji wananishangaa.

Ile ya taa sikuitupa. Ipo kwa kinyozi wetu hapa mtaani, na kusema kweli pale imepata kwao. Inapiga bongo fleva kutwa na wateja wanaifurahia.

Fundi ndiye aliyeninyoosha. Ana kibanda Ilala, mzee wa makamo ya baba yangu, amezungukwa na redio zilizofunuliwa matumbo. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, nikamweleza kwamba nataka amplifaya yenye nguvu ya kutosha spika kubwa.

"Unasikilizia wapi, sebuleni au Sabasaba?"

"Sebuleni, mzee."

"Nyuma ya spika pameandikwaje?"

Sikujua. Akanirudisha nyumbani kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Niliporudi na picha (omu 8, na desibeli 88, kipimo cha ukubwa wa sauti) alichukua kalamu akaandika juu ya boksi la balbu. Spika hii ukiipa wati moja, mtu aliyekaa mita moja mbele yake anapata desibeli 88. Hiyo ni kelele ya kulazimisha watu wawili wapaze sauti ili wasikilizane. Ukitaka iongezeke desibeli tatu, ongezeko ambalo sikio linalitambua bila kushtuka, unahitaji wati mbili. Ukitaka sikio liseme sasa imekuwa mara mbili, unahitaji wati kumi. Kwa hiyo mtu anayeacha ya wati 40 akanunua ya 80 kwa bei mara mbili amenunua hizo desibeli tatu.

"Wewe utaishi kwenye wati moja ya kwanza," akasema. "Tafuta amplifaya ambayo wati yake ya kwanza ni safi. Hizo nyingine ni akiba ya ngoma inapopigwa ghafla."

Sentensi hiyo ilibadilisha utafutaji wangu wote. Niliacha kuuliza wati, nikaanza kusikiliza kimya. Nikifika mahali naomba waiwashe bila muziki, napandisha sauti hadi katikati, naweka sikio kwenye spika. Kama inachirizika au inanguruma, namshukuru muuzaji naondoka. Halafu nazungusha kitufe cha sauti taratibu: kikikwaruza ni vumbi, dawa ya kupuliza inamaliza, hilo halikunitisha. Napima uzito pia, kwa sababu amplifaya za zamani zina transfoma kubwa ya chuma na shaba pamoja na bati nene la kupozea, na vitu hivyo haviwezi kuwa vyepesi. Kipimo cha uzito kina mpaka wake, lakini. Siku hizi kuna viboksi vya amplifaya za kisasa ziitwazo daraja D, vidogo kama kitabu, vinatumia chipu kama TPA3116 na adapta ya volti 24, na vinatoa wati za kweli huku vikiwa vyepesi kama sahani. Kama nisingekuwa na santuri ningenunua kimoja cha hivyo nikalala.

Kule Kinondoni karibu nianguke. Duka la mitumba, amplifaya ya Kijapani, uso wa rangi ya fedha, kitufe cha sauti kinazunguka kama kimepakwa siagi. Kilo kumi na kitu. PHONO ipo. Nilishatoa pesa mfukoni nikakumbuka kugeuza mgongo: AC 100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Muuzaji, muungwana kwa kweli, hakuficha: "Ndiyo, inataka transfoma ya kushushia, ipo hapa, nakupa kwa 70,000." Nikasimama pale nikiifikiria nyumba yangu. Wadogo zangu wanakuja, wageni wanalala sebuleni, kila mtu anatafuta tundu la kuchajia. Siku moja mtu atachomoa, na siku hiyo hiyo mtu mwingine, kwa nia njema kabisa, atairudisha moja kwa moja ukutani. Niliirudisha mezani. Ilinisumbua wiki nzima, kama mchumba niliyemwacha kwa sababu ya ndugu.

Basi nikajua natafuta nini: iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza au Ulaya, ambako volti zao zinaoana na zetu, yenye PHONO, ya omu 8, na wati zozote kuanzia 15.

Niliikuta Mwenge, kwenye banda la vitu vya kontena, kati ya baiskeli za watoto na mashine za kufulia. Ndogo, rangi ya kijivu iliyochoka, imeandikwa NAD 3020. Nilikuwa nimeshasoma habari zake. Ilitoka mwaka 1978, ina wati 20 tu kila upande, na kampuni yenyewe ilianzishwa London mwaka 1972. Ilijipatia sifa kwa kuendesha spika ambazo kwa makaratasi isingeziweza. Mama aliyekuwa anauza alinitazama navyoigeuza geuza.

"Mwanangu, sitaki kukudanganya. Upande mmoja haulii. Ndiyo maana naitoa 120,000."

Nilimpa 100,000 na nikaibeba Ilala kwa daladala, nimeipakata.

Fundi hakuiwasha kwanza. Aliiunga kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Balbu iliwaka kwa nguvu, ikafifia. Angekuta inaendelea kuwaka, maana yake ndani kuna shoti, na balbu ingekuwa imeokoa kilichobaki. Akaweka mita kwenye matundu ya spika: milivolti 14 kushoto, 22 kulia. Chini ya 50 hana neno, akasema. Ikizidi sana hapo, umeme wa moja kwa moja unapita kwenye koili ya spika na unaweza kuiunguza. Kisha akaigeuza, akacheka peke yake.

Mgongoni mwa amplifaya hii kuna matundu ambako hatua ya kwanza, inayoandaa sauti, inatoka na kuingia hatua ya pili, inayosukuma spika. Yanaunganishwa kwa nje na vipini viwili vya chuma vilivyopinda, kimoja kila upande. Kimoja hakikuwepo. Labda kilidondoka ndani ya kontena, labda mtoto alikichomoa huko huko kwao. Fundi alikata kipande cha waya wa shaba, akakipinda, akakichomeka. Upande uliokufa ukaimba.

Nilitaka kurudi Mwenge kumwambia yule mama. Sikurudi. Sijui kama ni ujanja au ni woga tu wa kuongezewa bei baada ya kununua.

Kazi yenyewe ya fundi ilikuwa kubadilisha kapasita ndogo ndogo (vifaa vya kuhifadhi umeme) zilizokauka kwa umri na kusafisha vitufe vyenye kutu ya hewa ya bahari, 60,000 na vifaa. Nilimwomba anibadilishie na transista za kutoa nguvu niwe na uhakika. Alikataa. Zilizomo ni za asili na zinafanya kazi, na sokoni transista bandia zimejaa, zimeandikwa namba zile zile lakini ndani hamna kitu. "Kizima hakitibiwi," akasema.

Usoni mwake ina vitaa vitano vya kuonyesha wati zinazotoka. Cha kwanza ni wati 1, cha mwisho 35. Jioni ya kwanza nilikaa sakafuni nikaweka Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa 1978, mwaka ule ule wa amplifaya. Sauti niliyoiweka ilikuwa ya kutosha kabisa, ya kuweza kufuata besi noti kwa noti na kusikia magitaa yanavyopishana bila kukanyagana. Kitaa cha wati 1 kilikuwa kinapepesa pale tarumbeta zinapoingia. Vingine vinne sijawahi kuviona vikiwaka ila siku moja, mke wangu alipokwenda sokoni na jirani akiwa safari.

Mngurumo ulikuwepo mwanzoni, lakini ulikuwa wangu: pleya ina waya mwembamba wa kijani wa ethi ambao nilidhani ni wa ziada, na amplifaya ina skrubu yake nyuma. Nikaufunga, mngurumo ukakatika. Kukabaki sauti nyingine, zzzzz ya juu, nyembamba, inakuja na kupotea. Nilibadilisha waya, nikahamisha pleya, nikazima friji, nikazima tyubu ya jikoni. Siku tatu. Aliyeigundua ni binti yangu wa miaka tisa: "Baba, mbona inalia ukipunguza feni?"

Ilikuwa regyuleta ya feni ya dari, hizi za kisasa nyepesi zinazokatakata umeme ili kupunguza kasi. Takataka zake zinasafiri kwenye waya za nyumba na kuingia kwenye muziki. Feni ikizimwa, kimya. Ikiwekwa kasi ya mwisho, kimya pia, ila maganda ya santuri yanaruka sebule nzima. Fundi anasema nitafute regyuleta ya zamani ile nzito yenye koili, bado sijaipata. Kwa joto hili la Februari tumejiwekea utaratibu: tunazima feni, tunasikiliza upande mmoja, dakika ishirini hivi, tunaiwasha hadi tukauke jasho, halafu mtoto anageuza santuri.