Siku moja nikizoesha injini mpya: Dar es Salaam hadi Iringa

Saa 11 alfajiri. Hilux mpya ya dizeli, yenye gia za mkono, imeegeshwa uani na mita yake haijafika kilomita 40. Kazi yangu leo ni kuifikisha Iringa, mwendo wa takriban kilomita 500, nikiwa pamoja na mzee wetu wa stoo. Jana ofisini lilitolewa wazo kwamba tuvute na tela la jenereta, lakini nilionyesha ukurasa wa kitabu cha gari unaokataza kuvuta tela katika kilomita 800 za mwanzo, na wazo hilo likaachwa. Ninachomoa kijiti cha kupimia oili, ninakifuta, ninakirudisha na kukichomoa tena. Oili iko kwenye alama ya juu. Nikishawasha, sikai nikiisubiri injini ipate moto hapo hapo ilipo. Baada ya muda mfupi tunaondoka taratibu.

Saa 12 asubuhi. Foleni ya kutoka Kimara kwenda Kibaha huwaudhi wengi, ila kwa injini mpya haina ubaya, kwa kuwa gari linaondoka, linapunguza, linaondoka tena, na gia zote zinapata zamu yake. Ninachokichunga zaidi hapa ni breki. Katika kilomita 300 za mwanzo hazipendi kukanyagwa kwa ghafla, kwa hiyo ninaacha nafasi kubwa mbele yangu, hata kama bajaji zinaingia kila mara.

Saa 3 asubuhi. Tumeipita Chalinze, na mbele yetu barabara imenyooka. Ninapanda hadi kilomita 80 kwa saa, ninakaa hapo kidogo, ninaachia mafuta mpaka 60, kisha ninapanda tena. Mzee ananitazama.

“Kijana wangu, barabara nyeupe hii, mbona unapunguza?”

Ninamjibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili nalijali sana. Kuta za silinda mpya hazijasuguliwa zikawa laini kabisa. Kiwandani huchorwa mistari myembamba inayokatana, ambayo hushikilia oili. Ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zinatakiwa zisuguane na kuta hizo mpaka zikae barabara, na kinachozisukuma zibane ukuta ni mgandamizo wa gesi zinapowaka ndani ya silinda. Ukiendesha kwa unyonge safari nzima, mgandamizo huo ni mdogo, ringi hazikai vizuri, na baadaye injini inaanza kula oili. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, msuguano unazaa joto kubwa kabla vyuma havijazoeana. Ukishika mwendo mmoja kwa saa nzima, injini inazoea mzigo wa aina moja tu. Ndiyo maana barabara kuu, pamoja na uzuri wake, inamlaza dereva kuliko foleni ya mjini: mguu unatulia mahali pamoja bila yeye kujua. Mzee anatikisa kichwa kukubali, na kuanzia hapo ndiye anayenikumbusha nikikaa mno kwenye 80.

Saa 5 asubuhi. Tunasimama Morogoro kwa chai na chapati. Ninakagua chini ya gari kama kuna tone lolote, na pako pakavu.

Saa 7 mchana. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na alama za mwendo pamoja na wanyama wanaovuka hutulazimisha kupunguza. Swala na pundamilia wako kando kabisa ya lami. Hapa ninatumia gia ya tatu na ya nne, nikiangalia injini isilemewe, kwani kupanda gia kubwa mapema huku mwendo ukiwa mdogo kunaiumiza injini changa sawa na kuikimbiza.

Saa 9 alasiri. Ruaha Mbuyuni mzee ananunua vitunguu, kisha unakuja mlima wa Kitonga, sehemu niliyoifikiria tangu alfajiri. Mbele yetu semitrela linapanda kona kwa kona kwa mwendo wa kutembea, na mstari wa katikati hauruhusu kulipita. Ninashuka hadi gia ya pili, ninauweka mshale karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika, na mguu wangu haufiki hata nusu ya pedali. Injini inavuta bila kutetemeka. Kipimo cha joto hakijasogea, nami ninakitazama kila baada ya kona. Mlima wa namna hii, ukipandwa kwa subira, unazipa ringi mzigo halisi ambao tambarare haiwezi kuutoa. Juu kabisa ninaegesha pembeni na kuiacha injini ingurume kidogo kabla ya kuizima, ili oili iendelee kuipoza turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi.

Saa 11 jioni. Iringa. Injini ikishapoa ninapima oili tena, na haijapungua kwa jicho langu. Katika kitabu cha safari ninaandika kilomita zilizosomeka, hali ya oili na joto, kisha ninamwandikia dereva atakayelipokea: tela lisifungwe kabla ya kilomita 800, mwendo uendelee kubadilishwa mpaka 1,000, na hapo gari lipelekwe gereji kwa ukaguzi wake wa kwanza.