Nilivyompata fundi wa magurudumu ya safari ndefu

Spoku ya kwanza ya gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ilikatika kabla sijafika Kondoa. Nilisikia "ting!" huko nyuma, nikadhani kijiwe. Mbele kidogo ikakatika ya pili, gurudumu likaanza kuyumba na kukwaruza breki. Zote mbili zilikuwa upande wa cheni, zimekatikia pale kwenye kiwiko, spoku inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Safari yangu ya Dodoma hadi Arusha, kilomita zaidi ya 400, ikaishia juu ya magunia ya alizeti kwenye lori la kurudi mjini.

Dukani nikauziwa gurudumu jipya. "Hili chuma, kaka." Lilidumu wiki tatu. Vijana wa mbio wakanipeleka kwa fundi wao, naye akanisifia magurudumu yenye spoku chache kwa kuwa ni mepesi. Wepesi wa nini, wakati mimi mwenyewe nina kilo 80 na mizigo kilo 25?

Akili ilinijia asubuhi moja, nilipompisha muuza mkaa na Phoenix yake, magunia mawili nyuma. Baiskeli zile za kizamani zina spoku 40 nyuma na 32 mbele, na gurudumu lake lilikuwa linazunguka limenyooka kabisa. Nikamkimbilia.

"Kaka, nani kakufungia hilo gurudumu?"

"Nenda nyuma ya soko la Majengo. Kuna mzee chini ya mwarobaini."

Nikamkuta. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Lete hilo." Hakuniuliza limefanya nini. Alilikalisha mapajani, akaanza kuzidonoa spoku kwa ukucha, moja moja, sikio karibu, kama anayejaribu nyuzi za zeze. "Hii inalia. Hii imenuna. Hii nayo imenuna." Ndipo nikaelewa: spoku iliyolegea hulegea na kukaza kila gurudumu linapozunguka, na ni huko kujikunja kila mara kunakoikata, si uzito peke yake.

Akaniagiza ringi ya kuta mbili yenye matundu 36, habu ya matundu 36, na spoku za milimita 2 zisizoshika kutu. Urefu wa spoku alipima mwenyewe, akaniandikia kwenye kipande cha boksi: za upande wa cheni fupi kidogo kuliko za kushoto. Mimi kwa ujuaji wangu nikaagiza Kariakoo za urefu mmoja, ndefu kuliko zote, nikijua ndefu hupunguzwa. Mzee alizitazama akacheka. Spoku ikiwa ndefu mno, ukikaza, uzi wa skrubu ulio kwenye ncha yake unaisha kabla haijakaza, na ncha inatokeza kuja kutoboa tyubu. Nikaagiza upya. Elfu kadhaa zimelala kwenye droo mpaka leo.

Kufunga gurudumu moja kulichukua karibu saa tatu. Kila spoku ilipishana na nyingine tatu njiani. Aligeuza baiskeli miguu juu, akashika chaki karibu na ringi; pale chaki ilipogusa, ndipo alipokaza au kulegeza, robo mzunguko tu kila mara. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona kwa fundi mwingine: akazishika spoku mbili mbili, akaziminya kwa nguvu zote gurudumu zima. Likawa linatoa milio midogo, tik, tik. "Acha zikae hapa hapa, zisije zikakaa porini." Akalinyoosha tena.

Alinitoza elfu kumi na tano kwa gurudumu, akasisitiza nirudi nikishatembea kilomita 100. Niliporudi, aligusa spoku nne tu.

Nilianza safari upya mwezi uliofuata. Kolo, mlima wa Bonga, Babati, matuta yote ya barabarani. Nimefika Arusha sijakata hata moja. Pancha nilipata tano, zote za mibigili, na ya tano niliizibia mlangoni kwa dada yangu huku chai inapoa.