Glaisini haiondoi biotini

Majuzi, katika maabara ninamofanyia kazi hapa Mwanza, nilipoteza sampuli nzima ya protini za minyoo wa kichocho kwa kosa ambalo nusu saa ya subira ingelizuia. Protini zilizo juu ya ngozi ya mnyoo ndizo zinazogusana na damu ya mgonjwa, na kwetu tunaoishi kando ya Ziwa Victoria kichocho si habari ya kusomwa vitabuni tu. Ndiyo maana tulitaka kuzitenga na nyingine zote.

Mnyoo aliye hai hulowekwa katika biotini, vitamini ndogo inayotumika hapa kama alama, iliyoundwa ili ishike protini bila kupenya utando wa seli, hivyo protini za nje ndizo hasa zinazopata alama. Kisha husagwa, na rojo lake lililochujwa huchanganywa na shanga za sumaku, ndogo kuliko vumbi, zilizopakwa streptavidini, protini inayong'ang'ania biotini. Kila molekuli ya streptavidini ina nafasi 4 za kushika biotini, na ikishaishika haiiachii kirahisi. Kijitubu kikisimamishwa kwenye sumaku, baada ya dakika moja au mbili shanga hujikusanya ubavuni na kuwa mstari wa rangi ya kutu.

Siku ile mstari ulipendeza, lakini jeli, ambayo hutenganisha kwa ukubwa protini zilizotolewa shangani kwa kuchemshwa, haikuonyesha kitu ila mkanda mnene karibu na chini, nao ulikuwa streptavidini yenyewe, iliyobanduka shangani wakati wa kuchemsha. Nikaisingizia friji, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika usiku. Kumbe nilikuwa nimetia glaisini, asidi amino ndogo, kuzima mmenyuko wa biotini na protini, nikaamini nimemaliza kazi, ilhali glaisini huizuia biotini isiendelee kushika protini lakini haiitoi kijitubuni. Biotini hiyo iliyobaki, nyepesi na isiyobeba protini yoyote, iliwahi nafasi zote, kama abiria wa Buhongwa wanavyomaliza viti kabla daladala haijafika Mkuyuni.

Sasa ninawaosha minyoo mara 3 kabla ya kuwasaga, kisha ninapitisha rojo katika safu ya kuchujia molekuli ndogo, ingawa hatua hiyo hupunguza protini kidogo. Kimiminika kinachobaki baada ya shanga kukusanyika sikimwagi tena mpaka jeli itoke. Nikikuta protini zenye alama bado zimo, najua shanga zilikuwa zimekwisha kujaa.