Dagaa wa kweli, moto wa kuchorwa: kumbukumbu ya mradi wetu, Kigoma

Mchezo huu unamfundisha mtoto wa miaka 8 hadi 13 kupika mlo mmoja tu: dagaa wa mawese na ugali wa muhogo. Vitu vyake vyote vinapatikana Kigoma bila kuhangaika, na ndani ya mlo huo mna karibu kila kazi ya jikoni: kuchambua, kuosha, kumenya, kukata, kukaanga, kusonga. Kanuni ya mradi ni fupi: kinachofundisha mkono kiwe cha kweli, kinachounguza kichorwe. Dagaa, nyanya, sufuria na mwiko ni vya kweli. Moto ni wa kuchorwa kwa mwanga. Somo likiisha, mtu mzima anapeleka vilivyoandaliwa kwenye jiko la mkaa na kuvimalizia, kwa hiyo hakuna chakula kinachotupwa.

Wiki ya 1 na 2: miwani imewekwa pembeni

Jaribio la kwanza lilikuwa kwa miwani ya Meta Quest 3, ambayo inaonyesha meza halisi kupitia kamera na kuchora vitu juu yake. Inavutia sana, lakini tumeiacha. Ina gramu 515, mzigo mkubwa kwa shingo ya mtoto anayeinamia meza. Inafaa macho yaliyoachana kuanzia milimita 53, na baadhi ya watoto wadogo macho yao yamekaribiana kuliko hapo. Mtengenezaji mwenyewe haruhusu walio chini ya miaka 10. Sababu kubwa zaidi ni kisu: vitu vilivyo karibu na uso vinapinda kidogo kwenye picha ya kamera, na kidole kinaonekana pembeni kidogo ya mahali kilipo. Mtoto anayejifunza kukata kitunguu asiangalie vidole vyake kupitia picha.

Badala yake mchezo unaangushwa mezani kwa projekta. Mtoto anaona meza kwa macho yake mwenyewe, na mwanga ndio unaoongeza moto, mishale na saa.

Meza ni plaiwudi ya sentimita 100 kwa 70, imepakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Projekta imefungwa upande wa pili wa meza, mita 1.2 juu, ikielekea kwa mtoto. Ikiwekwa nyuma yake, kichwa chake kinafunika kila kitu kwa kivuli. Picha inayopinda kwa sababu ya mlalo huo inanyooshwa kwa kugusa pembe nne za meza mara moja, programu ikakokotoa iliyobaki. Kamera ya USB iko sentimita 90 juu ya meza. Mchana kanga mbili dirishani zinatosha kupunguza jua; bila hizo moto hauonekani kabisa.

Vyombo vinatambuliwa kwa alama za ArUco, miraba yenye vijumba vyeusi na vyeupe inayosomwa na OpenCV, programu huria ya kuchambua picha. Kila alama ina upande wa sentimita 4. Kwa kamera ya pikseli 1280 kwa 720 katika urefu huo, alama inapata pikseli 44 hivi, yaani kama 7 kwa kila kijumba chake, na hiyo inatosha. Shida zilizojitokeza zilikuwa tatu. Alama zilizofunikwa kwa plastiki inayong'aa zilipotea kila taa ya projekta ilipozigonga. Karatasi ya kawaida chini ya gundi ya utepe usiong'aa imetibu hilo. Ukingo mweupe ukikatwa kwa mkasi alama haisomeki, hivyo acha angalau milimita 7 kila upande. La tatu lilichukua muda mrefu kuligundua: moto uliochorwa ukipita juu ya alama, mwanga wake unavuruga weusi na weupe, na sufuria "inatoweka" mchezo ukiwa katikati. Sasa programu inaangusha mraba mweupe mtupu juu ya kila alama, ukizidi kwa sentimita 1 pande zote. Anayenunua projekta kwa kazi hii achague ya aina ya LCD. Zile za DLP zinawaka rangi moja baada ya nyingine, na kamera inaona mistari ya rangi juu ya alama.

Wiki ya 3: mizani chini ya sufuria

Kihisi cha uzito cha kilo 5, kikiwa na kibao cha HX711 kinachogeuza ishara yake kuwa namba, na kompyuta ndogo ya ESP32, kimefungwa chini ya jiko tupu. HX711 husoma mara 10 au 80 kwa sekunde. Mara 10 ndiyo inayofaa, kwa sababu hiyo nyingine inatetemeka mno. Tunachukua wastani wa visomo 5. Chumvi haipimwi hapa: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 6, na kihisi cha kilo 5 hakiaminiki kwa uzito mdogo hivyo. Kwa chumvi mtoto ajifunze kijiko, na kuonja mwishoni.

Kwenye maandishi ya mezani hatusemi "gramu 400". Mtoto ataagizwa sokoni siku moja, na sokoni watu wanasema fungu, kopo, sado. Mchezo unamwambia kopo ngapi, mizani inahakiki kimyakimya.

Wiki ya 4 hadi 6: moto

Hapa ndipo penye kazi. Jiko ni la mkaa la kweli, jipya, halijawahi kuwashwa, na makaa yanaangushwa na projekta kwenye karatasi nyeupe iliyotandazwa ndani yake. Joto linakokotolewa hivi: lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka inahitaji kama kilojuli 300. Tukichukulia kwamba wati 500 ndizo zinazoingia kwenye sufuria, inakuja sekunde 600, dakika 10. Toleo la kwanza lilichemsha maji kwa nyuzi 100, na hilo ni kosa kwa huku: Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka karibu na nyuzi 97. Kwa Tabora, iliyo juu zaidi, tumeweka 96.

Tulijaribu kuharakisha muda mara nne ili watoto wasichoke kungoja. Hilo tumeliondoa kabisa, na tungemshauri kila mtengenezaji asilifanye. Mtoto anayezoea maji kuchemka kwa dakika mbili na nusu amefundishwa uongo juu ya kitu ambacho ndicho moyo wa upishi: kupanga muda. Sasa dakika 10 ni dakika 10, na ndani yake ndimo anachambua dagaa na kukata nyanya. Hakuna pointi za ziada kwa kuwahi. Kisu na haraka havikai pamoja.

Mawese yana somo lake. Wekundu wake ni karotini, na joto kali la muda mrefu linaiharibu, mafuta yakapauka. Projekta inaonyesha hilo: duara la rangi ya chungwa ndani ya sufuria linageuka njano hafifu, kisha moshi. Mtoto akiona mafuta yanapauka anatoa sufuria jikoni, na mizani inajua ameitoa.

Wiki ya 7: dagaa na ugali

Vipimo vya toleo hili: dagaa wakavu gramu 200, nyanya 3, kitunguu 1 kikubwa, mawese vijiko 4 vya chakula, limau nusu, chumvi kijiko cha chai nusu. Dagaa wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo kuosha ni hatua nzima: bakuli jeupe, maji ya vuguvugu, mara tatu au zaidi, hadi chini ya bakuli pasionekane chembe. Kamera haioni mchanga vizuri, nasi hatukuilazimisha. Mchezo unamuuliza mtoto ameona nini, akajibu mwenyewe. Kisha dagaa wanakaushwa kwa kitambaa, kwa sababu maji yakikutana na mafuta ya moto yanaruka. Anayeruka hatua hii anarushiwa matone ya mwanga mezani mpaka kwenye mikono.

Ugali ulikuwa mgumu kuliko vyote. Unga wa muhogo bila joto haushikani. Unabaki uji mbichi, na mwiko haupati upinzani. Tumetumia unga wa ngano gramu 500 na maji mililita 400, ambao unavutika karibu kama ugali wa muhogo. Mtoto anausonga, na baadaye unaongezwa unga ukawa chapati. Kwenye mpini wa mwiko kuna kihisi cha mwendo cha MPU-6050 kinachosoma mara 50 kwa sekunde: kinatofautisha kukoroga kwa kuzungusha na kusonga kwa kukandamiza ukutani mwa sufuria. Hapo awali kitufe cha "onja" kilikuwepo hata kabla ya kupika. Kimeondolewa. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na mtoto asizoee kuonja unga mbichi.

Hatua ya moto wa kweli

Siku ya mwisho projekta inazimwa. Mtu mzima anawasha mkaa nje, mahali penye hewa, na kuchora mstari wa chaki mita 1 kuzunguka jiko. Mtoto anaingia akiitwa. Mizani haitumiki hapa, kwani kihisi kikipata joto kinasoma uongo. Kinachobaki ni sauti tu kutoka kwenye simu: saa, na orodha ya hatua kwa maneno yaleyale aliyoyasikia mezani. Mwiko anaoshika ni uleule, kihisi kikiwa kimetolewa na mpini umeoshwa.